Karatasi 63 za jumuiya nilizobeba mpaka Yerusalemu

Mwezi wa pili 2019 nilienda kuhiji Nchi Takatifu, siku kumi, kundi la watu 38 pamoja na mapadri wawili. Tangu nirudi watu wananiuliza maswali yaleyale, eti ilikuwa shilingi ngapi, eti ulijisikiaje pale kaburini, na wengine wanataka kwenda wenyewe wananitafuta niwaelekeze. Leo cherehani imeharibika nasubiri fundi wake aje (ndo hivo, fundi naye ana fundi wake), wacha niandike yote, na mengine ambayo sikuyasema jumuiyani (majirani Wakatoliki ninaosali nao mtaani) nikiwa nagawa rozari.

Nianze na hela maana najua ndo mnataka. Kifurushi chetu kilikuwa dola 2,450, kwa rate ya kipindi kile milioni tano na laki sita na ushee. Mimi ni fundi nguo wa Kimara, hela hiyo sikuwa nayo. Nilianza kuweka kwenye kibubu mwaka mmoja na nusu kabla, mchezo wa akina mama ulivofika zamu yangu nikauingiza wote huko, iliyobaki nikakopa VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopeshana), na jumuiya yangu ndogo ndogo wakanichangia laki tatu na nusu bila mimi kuomba. Hiyo laki tatu na nusu ndo iliyonifunga. Mtu akikuchangia safari na wewe unakuwa umebeba kitu chake, hata kama hajasema.

Wakala alituambia kila kitu kimo. Jamani mkisikia "kila kitu kimo" kaeni chini mwulize kitu gani na kitu gani, kimoja kimoja, na kiandikwe. Kumbe bakshishi ya dereva na mwongozaji na wahudumu wa hoteli haimo, tukakusanya dola 70 kila mtu siku ya pili. Chakula cha mchana hakimo. Gari dogo la kupanda Mlima Tabor halimo, kwa sababu basi kubwa haliwezi zile kona. Vyoo vingine ni vya kulipia, hapo ndo utajua umuhimu wa kuwa na dola mojamoja, maana ukitoa noti ya hamsini kwa ajili ya haja ndogo unaonekana kituko. Mama mmoja wa kundi letu alikuja na dola mia tatu za noti za mia mia tu, siku nne alikuwa anakopa hela ya choo.

Sasa hizo karatasi. Jumapili ya mwisho kabla ya safari, mwenyekiti wa jumuiya akapitisha kapu, kila mtu aandike nia yake akunje aweke, mimi nizipeleke zikaombewe kule. Hakuna kuandika jina. Nikazihesabu nyumbani, 63, na watu waliokuwepo siku ile hawakufika arobaini, kwa hiyo wengine waliandika mbili mbili, tatu tatu. Nikaziweka kwenye mfuko wa plastiki wa mkate nikafunga na raba. Mfuko wa mkate. Kumbukeni hilo.

Tulipitia Addis Ababa tukafika Tel Aviv alfajiri. Pale uwanjani kipindi kile hawakupiga muhuri kwenye pasipoti, walikupa kikaratasi kidogo cha bluu ukitunze mpaka unaondoka, nikakichomeka kwenye mfuko uleule wa mkate nikaona sasa nimekuwa posta. Na baridi! Mimi nilidhani jangwani ni joto, nimebeba vitenge na kandambili. Yerusalemu iko juu milimani na mwezi wa pili ni mvua na upepo wa kukata masikio. Mkienda miezi ile bebeni sweta mbili, soksi na viatu vilivyozoea mguu, visiwe vipya. Nilinunua raba mpya Kariakoo kwa ajili ya safari, siku ya tatu nilikuwa natembea kama bata.

Chumba nilipangiwa na Bibi. Sote tulimwita Bibi, mwanamke wa Rombo wa miaka 71, watoto wake ndo walimlipia. Magoti yote mawili mabovu, anatembea na fimbo, usiku anakoroma kama mashine ya kusaga. Niseme ukweli, nilinung'unika. Nilimfuata yule dada mratibu kimyakimya nikamwuliza kama naweza kubadilishiwa, akaniambia labda nilipe cha mtu mmoja, dola 350 za ziada. Basi nikabaki na Bibi. Kazi yangu siku kumi ikawa kutembea nyuma kabisa ya kundi, mwongozaji ameshamaliza kuelezea ndo sisi tunafika, tunaambiwa haya tuondoke.

Huyo mwongozaji alikuwa Mkristo Mwarabu wa Bethlehemu, Kiingereza kimenyooka, mtu mzuri sana. Bibi alikuwa anamwita "gaidi wetu". Si ndivo tunavosema nyumbani, gaidi wa watalii, wa Kilimanjaro kule wanaitwa hivohivo. Sasa siku tunavuka kizuizi cha ukuta pale Bethlehemu, wanajeshi na bunduki wamepanda ndani ya basi wanaangalia pasipoti, Bibi akapaza sauti kutoka nyuma, "Jamani gaidi wetu yuko wapi?" Basi zima likanyamaza. Wale hawakuelewa Kiswahili, bahati yetu, ila baba padri alitoka jasho na baridi yote ile. Toka siku hiyo tukamwambia Bibi aseme "kiongozi".

Tulipewa na visikilizio vya masikioni ili kila mtu amsikie kiongozi hata akiwa mbali. Bibi cha kwake kilihamia kwenye chaneli ya kundi lingine, akakaa nusu saa anasikiliza Kihispania anaitikia kwa kichwa. Nikamwuliza, bibi unaelewa? Akasema, "Maneno ya Mungu mwanangu, mengi hata kwa Kiswahili sielewi."

Tulianzia Nazareti. Kanisa la Kupashwa Habari ni kubwa kweli, limetabarukiwa 1969, na ukutani na uani kumejaa picha za Bikira Maria zilizoletwa na nchi mbalimbali, kila watu wamemchora anavofanana na wao. Chini kuna pango, na kwenye altare ya lile pango kuna maneno ya Kilatini, Verbum caro hic factum est. Padri akatusomea, Neno alifanyika mwili, tunayajua hayo, ila hapo kati wameongeza neno moja, hic, maana yake HAPA. Akasema mtakutana nalo tena. Bibi akaninong'oneza, "Hik ndo nini, kwikwi?" Nikacheka mpaka mtawa mmoja akanigeukia.

Ila lile neno liliniingia. Nikajiambia ngoja, tukifika sehemu kubwa zaidi, hapo HAPA itanigonga, nitalia, nitakuwa mtu mwingine. Nilikuwa nimeona video za watu wanalia pale. Nikawa nasubiri kulia. Kila sehemu nasubiri.

Kana, mji wa ile harusi ya kwenye Biblia, wenye ndoa walisimama mbele kurudia viapo, wajane na wasio na wenza tukakaa nyuma. Mimi na Bibi benchi moja. Nje wanauza divai, tukaonja, tamu kama juisi ya zabibu, wale wa Dodoma wakasema ya kwao bora.

Galilaya nilikuwa na picha ya bahari kichwani kwa sababu Biblia inasema bahari. Ni ziwa, urefu wake kama kilomita 21 tu, ukisimama upande huu unaona ng'ambo vizuri. Jamaa mmoja wa Mwanza alikasirika kabisa, "Hili si kama kighuba cha kwetu tu!" Tulipanda mashua ya mbao, wale mabaharia wakapandisha bendera ya Tanzania na kufungulia Mungu Ibariki Afrika kwenye spika, hapo ndo watu wakalia, mimi nikaona ajabu, tunalilia wimbo wa taifa katikati ya ziwa la Yesu. Mchana tukaletewa "samaki wa Mtakatifu Petro", mzima amekaangwa na chipsi pembeni. Tukamwangalia, tukaangaliana. Ni sato! Sato yuleyule, perege, ndugu moja. Wa Mwanza akaulizia ugali.

Kule Tabga kuna kanisa lenye mozaiki sakafuni ya zamani mno, kikapu cha mikate na samaki wawili pembeni. Hesabu ile mikate, iko minne, siyo mitano. Kiongozi akasema watu huelezea kwamba wa tano ni ule unaowekwa juu ya altare wakati wa misa. Hii niliipenda kuliko mahubiri mengi.

Yordani ni mto mdogo, wa kahawia, kama mto wa kwetu baada ya mvua, na ng'ambo hatua chache tu ni nchi nyingine na askari wao wamekaa wanatuangalia tunamwagiwa maji. Njia ya kufikia pale ilikuwa na uzio na vibao vya kuonya mabomu ya ardhini. Bahari ya Chumvi unaelea kweli, chumvi yake karibu mara kumi ya bahari ya kawaida, usiingie kama umenyoa siku hiyo, nimemaliza.

Bethlehemu tulilala usiku nne. Kuingia kanisa la Kuzaliwa Bwana unapita kamlango kadogo ka mawe, lazima uiname, hata mtoto mkubwa anainama. Bibi peke yake ndo hakupata shida kwa vile alikuwa ameshainama siku zote. Foleni ya kushuka pangoni ilituchukua saa mbili kasoro. Chini kuna nyota ya fedha yenye ncha kumi na nne, na maneno yake, Hic de Virgine Maria Jesus Christus natus est. HAPA tena. Nikapiga magoti, nikabusu, mtu wa nyuma akanigusa bega, nikasimama. Sekunde nane labda. Nikatoka nje nimekasirika. Sikujisikia kitu. Nilikuwa nafikiria raba zangu.

Usiku ule chumbani nikamwambia Bibi, mimi naona nina moyo mgumu, nimekopa hela nimekuja mpaka hapa halafu sisikii chochote. Bibi alikuwa anajipaka dawa ya magoti, chumba chote kinanuka karafuu. Akauliza, "Zile barua umezifanyaje?" Nikamwambia nasubiri niziweke kaburini kwa Yesu. "Umezisoma?" Nikashtuka, bibi si siri za watu! Akasema, "Sasa utawaombeaje kama hujui wanaomba nini? Wewe umekuwa punda. Punda naye alifika Yerusalemu, lakini hakujua kabeba nani."

Basi nikafungua mfuko. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea kwa sauti, moja moja, na kila moja akawa anasema "Ee Bwana" halafu ananiambia haya nyingine. Tulianza saa tatu usiku tukamaliza saa sita.

Sitaandika yote. Majina hayakuwepo ila mwandiko naujua, nimekaa na wale watu miaka kumi na mbili, nimewashonea sare za pasaka. Kuna aliyeomba uvimbe wake usiwe kansa, na sikujua kama kuna mtu jumuiyani ana uvimbe. Kuna kesi ya kiwanja. Kuna mtoto kaomba baiskeli, kachora na baiskeli yenyewe isije ikaletwa nyingine. Kuna aliyeandika "Naomba mwanangu apate kazi yoyote, hata ya ulinzi." Kuna moja inasema tu "Asante, sina cha kuomba mwaka huu", Bibi akasema hiyo tuisome mara mbili. Kuna mama mwenye duka kubwa la vipodozi, nilikuwa namwonea wivu kwa kweli, kila mwaka gari jipya, kumbe ameandika deni, na tarakimu ya deni. Na kuna moja ya mwandiko wa kulalia kulia, naujua hata gizani, "Bwana naomba mume wangu aache bia, na kama ameshindwa basi bia imwache yeye." Bibi alicheka mpaka magoti yakamuuma.

Nilivozima taa nikaanza kulia. Hotelini, mfuko wa mkate kifuani, Bibi ameshaanza kukoroma. Hakuna altare, hakuna nyota ya fedha. Sijui kwanini pale.

Asubuhi yake nilikuwa mtu wa nyuma ya kundi kwa hiari yangu.

Yerusalemu tuliamshwa saa tisa na nusu usiku. Njia ya Msalaba inafanywa mapema kabla maduka hayajafunguliwa, kwa sababu ile njia inapita sokoni, vichochoro vya mawe, baadaye mchana huwezi kusikia hata sala ya mwenzako, ni viungo na nguo na mikokoteni. Tulikuwa na msalaba wa mbao tunapokezana. Tulikuwa peke yetu na paka, na mtu mmoja anapanga mikate ya ufuta kwenye meza. Kituo cha tano, Simoni wa Kirene aliyemsaidia Yesu kubeba msalaba, padri akatukumbusha Kirene ipo Libya ya leo, Mwafrika huyu, wanaume wote wakataka kubeba msalaba kituo hicho, nusura wagombane. Ngazi za pale ni nyingi na zinateleza. Bibi mkono mmoja fimbo mkono mwingine mimi, tunasikia kundi linaimba mbele linapotelea kwenye kona, tunafuata wimbo. Vituo vitano vya mwisho viko ndani ya kanisa la Kaburi Takatifu lenyewe.

Kuhusu kanisa hilo, msije mkashangaa kama nilivoshangaa. Nilitegemea kanisa moja kubwa linalong'aa. Ni giza, ni mkusanyiko wa makanisa ndani ya kanisa, madhehebu sita wanagawana, Waorthodoksi wa Kigiriki, Wakatoliki kupitia Wafransisko, Waarmenia, Wakopti, Wasiria, na Waethiopia ambao vijumba vyao viko juu ya paa, weusi wenzetu, wakatusalimia kwa kichwa. Kila mmoja ana saa zake na kona yake tangu enzi za Waturuki, hakuna kugusa cha mwenzako. Juu ya mlango mkuu kuna kingazi cha mbao kimeegeshwa dirishani tangu karne ya 18 na hakuna wa kukiondoa. Na ufunguo wa mlango unatunzwa na familia ya Kiislamu, familia nyingine ya Kiislamu ndo inafungua, vizazi na vizazi. Bibi akasema, "Kama kwetu ndugu wakigombea nyumba ya marehemu, ufunguo anashika jirani."

Misa yetu ilikuwa saa kumi na mbili na nusu kwenye kikanisa cha Wafransisko pembeni ya kaburi, kwa Kiswahili, na ilipangiwa nusu saa kamili. Padri akaupokea mfuko wa mkate akauweka mguuni pa altare. Baada ya misa bruda mmoja (mtawa wa kiume) akaja akaurudisha, kwa upole, haviachwi vitu. Sawa.

Kupanda Kalvari, pale Yesu aliposulubiwa, humohumo kanisani, ni ngazi chache tu lakini zimesimama kama za kupandia darini. Nikamwambia Bibi, tubaki chini, Mungu anaona. Hakunijibu. Akageuka akaketi ngazi ya kwanza, akaweka fimbo mapajani, akaanza kupanda kwa makalio, kinyumenyume, ngazi moja, anapumua, ngazi nyingine. Mimi nyuma yake nimeshika kwapa. Foleni yote chini ikasimama, Wakorea, Wapolandi, sijui akina nani, hakuna aliyefungua mdomo. Juu kule chini ya altare kuna tundu unaingiza mkono unagusa mwamba. Bibi akaingiza mkono akakaa. Akakaa kweli. Yule mtawa wa Kigiriki anayefukuza watu akatazama ukuta. Baadaye nilimwuliza alisali nini muda wote ule, akasema, "Sijasali. Nimepumzika."

Sasa kaburini. Foleni saa moja na dakika arobaini, kile chumba kinaingiza watu watatu wanne, kamlango kafupi. Nilikuwa nimejipanga, nitoe mfuko, niuguse kwenye jiwe, niseme hizi ni za jumuiya yangu Bwana, nitoke. Nimeingia, nimeinama, nimevuta mfuko kwenye pochi, mfuko wa mkate ukapasuka. Karatasi zote chini. Ndani ya kaburi la Yesu mimi nimepiga magoti naokota karatasi, nje mtawa anagonga anapiga kelele haya haya tokeni, na mama mmoja wa kizungu ambaye hata salamu hatukupeana akapiga magoti naye akawa anakusanya ananipa kwa mikono miwili kama mtu anachota mahindi. Nilitoka sijasema hata Baba Yetu. Nimejaza karatasi kwenye kilemba.

Usiku tukahesabu na Bibi. Sitini na moja. Tukahesabu tena. Sitini na moja. Kwa kuwa nilikuwa nimeshazisoma nilijua zipi zimebaki, ile ya kesi ya kiwanja na ile ya bia. Nilihuzunika, Bibi akafurahi sana, "Hizo ndo zilikuwa ngumu."

Mengine haraka haraka. Mlima wa Mizeituni kuna kanisa la Baba Yetu, sala hiyo imeandikwa kwenye vigae kwa lugha zaidi ya mia moja, Kiswahili kipo, tukaisali tukiwa tumekitazama. Gethsemane miti minane ya mizeituni, minene, imejipinda kama watu wazee. Kwenye Ukuta wa Magharibi Wayahudi wanachomeka karatasi zao za sala kwenye nyufa, nikazikumbuka zangu nikaona kumbe dunia nzima ni wabeba karatasi, nikataka kuchomeka na mimi chache, Bibi akanizuia, "Usichanganye posta." Na duka la vinyago vya mzeituni, tulipelekwa moja tu na tukapewa saa nzima, nahisi kuna mtu anapata chake pale. Bei yake mara mbili ya mtaani. Lakini pia nikafikiria wale Wakristo wa Bethlehemu wamebaki wachache na wengi wanaishi kwa vinyago hivyo, nikanunua rozari arobaini sikubishana.

Uwanja wa ndege kurudi ndo kasheshe. Fikeni masaa matatu kabla ya ndege, na siyo utani. Binti mdogo wa usalama ananiuliza, nani kafunga begi lako, je kuna mtu yeyote amekupa kitu ukibebe? Mratibu alishatufundisha kujibu hapana. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kuungama siku mbili kabla, nikasema ndiyo, nimepewa. Nani? Majirani. Nini? Karatasi. Akaita mwenzake. Wakafungua, karatasi 61 zimekunjwa kunjwa, mezani, lugha wasiyoijua, wenzangu wote wanapita wananitazama. Akaniambia nimsomee moja. Nikachukua ya juu, nikatafsiri kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, naomba mwanangu apate kazi yoyote, hata ya ulinzi. Yule binti akajiangalia lile koti lake la kazi. Akamtafsiria mwenzake kwa Kiebrania, wakacheka kidogo, halafu akazikunja mwenyewe moja moja akazirudisha kwenye kilemba.

Jumuiyani watu waligombea rozari, hazikutosha, wawili wamenuna mpaka leo. Kuhusu karatasi aliuliza mtu mmoja tu, yule mtoto wa baiskeli. Nikamwambia imefika. Paroko alivoniuliza nimezifanyaje nikamwambia ninazo kabatini naogopa kuzitupa, akasema zilete Jumamosi Kuu ziingie kwenye moto wa Pasaka.

Nikazipeleka jioni tarehe 20 mwezi wa nne, giza linaanza kuingia, nyuma ya kanisa wanaume wanapanga kuni. Aliyeshika dumu la mafuta ya taa ni mume wa yule mama wa mwandiko wa kulalia kulia, ameshapata mbili tatu, ananukia kwa mbali ila kazi anapiga vizuri tu. Akaniona na kile kilemba.

"Shemeji, hayo ni makaratasi gani?"

"Nia za jumuiya, zilikwenda Yerusalemu."

"Na ya kwangu imo humo?"

Nikamwambia hapana shemeji, ya kwako haimo.

"Afadhali," akasema, akamwagia mafuta.